Fidia ya utumwa ililipwa, ila walioipokea ni mabwana

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitia saini amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Miezi saba kabla ya hapo mizinga ya manowari za Kiingereza ilimweka kitini baada ya vita ambavyo havikutimia hata saa moja, na sasa waliomweka walitaka shukrani yao. Alipoitoa, Malkia Victoria alimtunuku nishani.

Siku hiyo hutajwa kuwa siku ya ukombozi. Anayeisoma amri yenyewe hukuta jambo jingine. Mtumwa hakuambiwa kwamba tangu leo yu huru. Aliambiwa kwamba akitaka uhuru aende mwenyewe mahakamani akauombe. Akikubaliwa, athibitishe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji na kushughulikiwa kama mzururaji. Na kuanzia hapo atawajibika kwa kodi kama raia wengine. Masuria hawakuguswa na amri hiyo kwa kuwa walihesabiwa kama wake wa mabwana zao. Walingoja hadi 1909.

Bwana naye alikuwa na kifungu chake. Mtumwa wake akiachiwa na mahakama, na yeye akithibitisha kuwa alimmiliki kwa haki, serikali ingemlipa fidia.

Mjadala wa fidia ya utumwa na ukoloni umepamba moto siku hizi, tena hadi kwenye meza za marais. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki na fidia kwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika. Wapo wanaouliza kama jambo hilo linawezekana, kwamba serikali itoe fedha kwa sababu ya utumwa. Historia inajibu kwamba linawezekana na lilishafanyika, hata kwetu huku. Linalobaki kuulizwa ni nani aliyelipwa, na huyo mwingine alibaki na nini.

Desturi ya London na Paris

Mpango wa Zanzibar haukubuniwa Zanzibar. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa. Zilikuwa karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali hiyo kwa mwaka mmoja, na ilibidi zikopwe. Masalio ya deni lile yalikuja kumalizwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba mjukuu wa mtumwa wa Jamaika aliyehamia London na kulipa kodi huko alichangia kulipia deni la kumfidia bwana wa babu yake. Walioachiwa huru hawakupata senti. Wengi walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale hadi 1838, kwa jina la uanagenzi.

Wahaiti yaliwafika mazito zaidi. Watumwa wa kisiwa kile waliwapiga Wafaransa vitani na kutangaza taifa lao mwaka 1804. Mwaka 1825 Mfalme Charles wa Kumi alituma manowari na sharti: Ufaransa itautambua uhuru wao wakilipa faranga milioni 150 za kuwafidia waliopoteza mashamba na watumwa. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa hadi milioni 90, lakini Haiti ilikuwa imeshaingia katika mikopo ya kulipia mkopo, na minyororo hiyo ya kibenki ilifika karne ya 20. Watu walionunua uhuru kwa damu waliuziwa tena kwa fedha.

Kwa hiyo Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza Zanzibar wakati wa amri ya 1897, alifuata njia iliyokwisha kufyekwa. Hofu yake ilikuwa karafuu. Kama watumwa wangeondoka kwa mkupuo, nani angechuma? Kama wenye mashamba wangefilisika, nani angelisaidia dola la Kiingereza kutawala? Sharti la makazi na riziki lilitibu hofu zote mbili. Mtu aliyezaliwa au kuletwa shambani, asiye na ardhi popote, makazi yake yangekuwa wapi zaidi ya pale pale? Alirudi kwa bwana wake wa jana, wakaandikishana kwamba atafanya kazi siku kadhaa za wiki ili aachiwe kibanda na kipande cha kulima.

Msajili wa hati

Bara, mambo yalikwenda polepole zaidi. Kwenye Tanganyika yao Wajerumani waligawa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja bila kuufuta utumwa wenyewe. Sheria ya kuufuta ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Katika mwambao wa Kenya, ule ukanda wa maili 10 ambao Sultani aliukodisha kwa Uingereza mwaka 1895, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, kwa mtindo ule ule wa bwana kudai fidia.

Mwaka mmoja baadaye ikaja sheria nyingine, isiyotaja utumwa hata kidogo, nayo ndiyo iliyoacha alama kubwa kuliko ile ya kwanza. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi ya mwambao aende mbele ya msajili wa serikali ayathibitishe. Ardhi ambayo hakuna aliyejitokeza kuidai ingekuwa ya Taji la Uingereza.

Tuchukue Malindi. Katikati ya karne ya 19 mji ule uliokuwa magofu ulifufuliwa kwa mashamba ya mtama na ufuta uliosafirishwa hadi Arabuni. Waliofyeka, waliopanda na waliovuna walikuwa watumwa, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa, waliopitia Kilwa na Unguja. Sasa msajili anafika. Mwenye shamba anakuja na hati ya kadhi au mashahidi wanaoheshimika mjini, wanaoeleza mipaka yake. Aliyekuwa mtumwa wake anakuja na nini? Mikono iliyofyeka haina muhuri. Machoni pa sheria yeye yuko pale kwa hisani ya mwenyewe. Wamijikenda wa nyuma ya mji nao wana ardhi ya mbari na kaya, inayojulikana na wazee, na daftari la msajili halina safu ya mbari. Wengi hawakudai kabisa. Zoezi hilo lilisitishwa mwaka 1922 kabla halijamaliza mwambao mzima, na kufikia hapo tabaka mbili zilikuwa zimeshaandikwa: wenye hati, na wale ambao Wakenya wamekuja kuwaita maskwota.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho mpaka leo katika kile ambacho Mombasa hukiita nyumba bila ardhi. Katika Majengo na mitaa mingine ya zamani utakuta familia imejenga nyumba yake kwa fedha zake, imezaa na kuzika humo, lakini kila mwezi inamlipa wakala kodi ya kiwanja. Kuta na paa ni zao, udongo ulio chini ya kitanda ni wa mtu mwingine, ambaye huenda hawajapata kumwona. Benki haiwezi kuwakopesha kwa dhamana ya nyumba hiyo kwa sababu hawana hati. Siku kiwanja kikiuzwa, mnunuzi huwapa notisi.

Shambani utaratibu huo huo una sura ya miti. Kwa mila ya mwambao na visiwa, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mnazi unaweza kuwa wa huyu na udongo wa yule, na anayetaka mnazi uondoke hana budi kumlipa aliyeupanda. Wenye mashamba walilielewa hilo vizuri. Mkaazi aliruhusiwa kupanda mihogo, mahindi, viazi vitamu, vyakula vya msimu mmoja au miwili. Mnazi, mwembe au mkarafuu alikatazwa, kwa kuwa mti unaodumu ungekuwa ushahidi, na ushahidi huzaa madai. Kizazi baada ya kizazi watu walikula mihogo chini ya minazi ambayo hawakuwa na ruhusa ya kuipanda.

Waliojikomboa wenyewe

Kabla ya amri zote hizi palikuwa na fikra nyingine ya uhuru, iliyotungwa na watumwa wenyewe. Watoro kutoka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa walikimbilia nyuma ya mwambao wakaanzisha vijiji vyao, kama Fuladoyo. Walilima, wakajilinda kwa silaha na kukaribisha watoro wengine. Kwao uhuru na shamba vilikwenda pamoja. Wagiriama, jamii mojawapo ya Wamijikenda, waliwapokea wengi, wakaoa na kuolewa nao.

Wengine walijificha katika kituo cha wamisionari cha Rabai. Mwaka 1888 mabwana zao walikuja juu, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kutawala, ikaona isianze kwa ugomvi. Mkuu wake, George Mackenzie, alipanga mabwana walipwe kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400, na tarehe mosi Januari 1889 watoro wakapewa vyeti vya uhuru. Hapa hesabu inashangaza. Watu hawa walikwisha kujikomboa kwa miguu yao. Malipo yale hayakuwafungulia mnyororo wowote. Yalithibitisha tu kwamba mpaka jana walikuwa mali halali ya mtu. Ukipita njia panda ya Kengeleni, Mombasa, bado utaiona kengele ya kijiji cha Freretown, kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Hadithi inayosimuliwa pale ni ya wokovu. Ya watoro wa Fuladoyo haina kengele.

Fikra ile ya watoro haikufa. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliwataka Wagiriama wahame ardhi yenye rutuba kaskazini ya mto Sabaki. Sababu haikufichwa sana: mkulima mwenye ghala lililojaa haendi kuwa kibarua katika shamba la mwingine. Mekatilili wa Menza, mama wa makamo, alilifahamu hilo kuliko maafisa walivyodhani. Alizunguka akiwakusanya watu, akawaapisha wanawake kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayetoa vijana wala kodi. Alikamatwa akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu. Waingereza walijibu kwa kulipua Kaya Fungo, kaya yao takatifu, kwa baruti na kuwafukuza watu ng'ambo ya Sabaki.

Wanaotafuta mwanzo wa fikra za kupinga ukoloni katika maktaba za Paris na London wanapita mbali na Sabaki. Mekatilili hakuandika kitabu, lakini hoja yake ilikuwa kamili: ukimtoa mtu kwenye ardhi yake huna haja ya kumfunga mnyororo, njaa itamleta kazini.

Eka tatu na barua za Oktoba

Zanzibar na Kenya zilijibu urithi huo wa utumwa na ardhi kwa namna mbili zilizotofautiana kabisa, ndani ya miezi michache.

Visiwani, ugomvi wa shambani ulichanganyika na ugomvi wa vyama tangu uchaguzi wa 1957. Wenye mashamba waliwafukuza wakaazi waliounga mkono chama kingine, na wakaazi wakagoma. Mapinduzi yalipokuja Januari 12, 1964, hasira ya mashamba ilikuwa ndani yake. Ndani ya wiki chache serikali mpya ilitaifisha ardhi, kisha ikagawa eka tatu tatu kwa familia zilizokuwa hazina kitu. Hilo halielezeki bila upande wake wa pili: maelfu waliuawa, wengi wao kwa sababu tu ya asili yao, na maelfu wengine wakakimbilia Oman na kwingineko. Aliyepewa eka alipewa haki ya kutumia, na serikali ikabaki mwenye ardhi. Hata hivyo ni miongoni mwa mahali pachache Afrika Mashariki ambapo waliolima walipewa walichokilima.

Kenya ilichagua karatasi. Oktoba 1963, wakati wa kuuingiza mwambao wa Sultani katika Kenya huru, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohamed Shamte walibadilishana barua. Serikali ya Kenya iliahidi kulinda dini ya Kiislamu, mahakama za kadhi na mafundisho ya Kiarabu, ahadi zilizokuwa za haki kwa watu wa Pwani. Katika barua hizo hizo iliahidi pia kuzitambua hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa. Kwa sentensi hiyo daftari la 1908 lilivuka salama kutoka ukoloni hadi uhuru. Ardhi iliyokuwa ya Taji ikawa ya serikali, na viongozi wa awamu moja baada ya nyingine wakaigawa watakavyo, hasa ile inayotazama bahari.

Shamba la Waitiki huko Likoni linaonyesha mkondo huo ulivyofika. Mmiliki wake hakuwa mrithi wa mabwana wa watumwa. Alinunua ekari zake 930 kihalali katika miaka ya 1970, na alipovamiwa mwaka 1997 alikuwa na haki ya kulalamika. Serikali iliishia kulinunua shamba kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na Januari 2016 wakaazi wakapewa hati. Kisha wakaambiwa kila mmoja arudishe shilingi 182,000 kwa awamu. Ukitazama mtindo wa malipo tu, utaukumbuka ule wa 1825: asiye na kitu hulipia anachoamini kuwa ni haki yake, na mwenye karatasi hulipwa.

Lawama ni ya nani?

Hapa ndipo mazungumzo yetu huharibika. Wakoloni walifundisha kwamba utumwa wa Afrika Mashariki ulikuwa wa Mwarabu, na kwamba Mzungu alikuja kuukomesha. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliufanya upinzani dhidi ya biashara ya watumwa kuwa kibali cha kuligawana bara. Wapo wanaojibu kwa kupindua tu, wakisema yote ni ya Mzungu, na wa hapa hana neno.

Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kukiandika hapo kitabu chake maarufu cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alifuata njia ya soko. Alionyesha kwamba watumwa waliopelekwa Mauritius na Réunion, na hata wale waliochuma karafuu Unguja, mwisho wa safari walikuwa wakilitumikia soko lililoendeshwa na mtaji wa Ulaya. Ushahidi anao. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Meno ya ndovu yaliyobebwa na wapagazi na watumwa yalikwenda kuwa vibonye vya piano huko Connecticut.

Rodney yuko sahihi kuhusu soko. Lakini soko haliandikishi shamba. Faida kubwa ilikwenda ng'ambo. Hati ilibaki hapa, kwa jina la mtu wa hapa, na ikarithiwa, ikauzwa, ikawekwa rehani, ikanunuliwa na waziri. Anayetaka kuhesabu deni la utumwa kwa ukamilifu atazihesabu zote mbili.

Ali Mazrui alilielewa hilo kwa namna ambayo wachache wangeweza. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933 katika ukoo uliotawala mji huo hadi 1837 na uliomiliki mashamba na watumwa, jambo ambalo hakulificha. Mwaka 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulimteua katika kundi la watu mashuhuri wa kusimamia madai ya fidia, chini ya Moshood Abiola wa Nigeria. Mwana wa mabwana alisimama kudai kwa niaba ya watumwa. Wapo waliomkejeli. Mimi naona alifanya ambalo wengi wetu hatujathubutu, kwa sababu Pwani bado ni mwiko kutaja nani alikuwa nani. Neno mtumwa hutumika kama tusi la kumnyamazisha mtu harusini, na wajukuu wa walioletwa kutoka Nyasa hujitafutia nasaba nyingine ili watoto wasidharauliwe. Mtu anayeficha asili yake hawezi kusimama mbele ya tume kudai shamba la babu yake.

Fidia kwa nani?

Madai dhidi ya wakoloni yameanza kuzaa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau pauni milioni 19.9, gharama zikiwemo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea kwa ukatili wa vita vya Maji Maji. Mataifa ya Karibiani yana mpango wao wenye vipengele 10 tangu 2014. Yote hayo yanastahili kuungwa mkono, na yanapaswa kwenda mbali zaidi.

Lakini serikali inayodai London ina kazi nyumbani. Sheria ya Kenya iliyotungwa 2016 kuiongoza Tume ya Taifa ya Ardhi ilieleza dhuluma za kihistoria za ardhi kuwa ni zile zilizotokea kati ya Juni 15, 1895 na Agosti 27, 2010, na ikawapa walalamikaji miaka mitano kuwasilisha madai. Kikomo cha kwanza ni siku nchi ilipotangazwa himaya ya Waingereza. Yaliyofanyika Malindi na Takaungu kabla ya hapo, wakati mashamba yalipofyekwa kwa mikono ya watumwa, yako nje ya mlango, na waliobaki ndani walitakiwa wawahi kufikia 2021, wengi wao bila wakili na bila habari.

Mlango huo unaweza kusogezwa nyuma. Kumbukumbu za madai ya mabwana na daftari za msajili zinaweza kutolewa katika hifadhi za nyaraka za Kilimani, Unguja, na za Nairobi, zikachapishwa kwa Kiswahili ili mzee wa Majengo asome jina la aliyeandikishwa juu ya kiwanja chake na lini. Nyumba bila ardhi inaweza kupewa sheria inayompa mwenye kuta haki ya kwanza ya kununua udongo, kwa bei ambayo mtu wa kipato chake ataimudu. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri idhini ya Mfalme wa Uingereza.

Fidia zote za karne ya 19 zilikuwa na sifa moja: zilijua kwa uhakika zinamlipa nani. Mpango wowote mpya utakaoletwa mbele yetu, uwe wa Addis Ababa au wa Nairobi, upimwe kwa kipimo hicho hicho kabla ya kupigiwa makofi. Kama fedha zitaishia hazina na hati zitabaki zilipo, tutakuwa tumemlipa bwana kwa mara ya pili.